Kliniki ya watoto Mbeya: maoni ya mama kutoka Kyela

Nauza mchele sokoni Kyela. Mwanangu Ambokile ana miaka saba. Mwaka juzi taya lake la kushoto lilianza kuvimba, nikampeleka zahanati moja ya binafsi wakasema ni jino, wakaling'oa. Wiki iliyofuata jino la jirani nalo likalegea, uvimbe ukapanda mpaka chini ya jicho, na wao wanataka kung'oa tena. Nikambeba, nikapanda Coaster ya alfajiri kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 100. Ndiko tulikofikia kliniki ya watoto ya Baylor, na ndiyo ninayotaka wazazi wenzangu waijue.

Wengi tunaijua kwa habari za VVU tu. Shangazi yangu aliniuliza kwa kunong'ona kama mtoto "ameathirika". Kituo kipo tangu 2011, kwa ushirikiano wa serikali yetu na Chuo cha Tiba cha Baylor na Hospitali ya Watoto ya Texas, kule Houston, Marekani. Watoto wenye saratani nao wanatibiwa.

Ugonjwa wa mwanangu ni limfoma ya Burkitt, aina ya saratani. Daktari alinieleza kwamba jina ni la daktari Denis Burkitt, aliyeueleza kwa maandishi akiwa Kampala mwaka 1958, na kwamba unaonekana zaidi sehemu za joto zenye malaria nyingi. Yaani kwetu kabisa. Uvimbe wake unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Niliposikia hilo nilikumbuka ile wiki nzima niliyokaa nyumbani nikimsukutulisha maji ya chumvi, nikalia palepale.

Kabla ya kemo, yaani dawa kali za saratani, walimwekea dripu ya maji, nikaambiwa nipime mkojo wote kwa jagi na kuandika. Nikadhani wananipa kazi ili nisisumbue. Kumbe uvimbe huu ukipigwa dawa huyeyuka haraka, na uchafu wake unaweza kuziba figo. Nikaandika usiku na mchana kwenye daftari langu la madeni ya mchele. Siku ya nne jicho lilikuwa limefunguka lote, akaomba ndizi.

Kilichonitisha ni sindano ya mgongoni. Nyumbani walishaniambia mtoto akichomwa mgongo hatembei tena. Nesi mmoja akaja, "Ugonile, mama," akaniketisha, akanieleza kwa Kinyakyusa kwamba dawa ya kwenye mshipa haifiki vizuri kwenye ubongo, ndiyo maana wanaipitishia pale. Hakunikemea kwa kuogopa. Nikasaini. Ambokile leo anakimbiza mpira kuliko kaka yake.

Nilitegemea kukuta Wazungu. Waliomtibu mwanangu ni Watanzania, na nadhani huo ndio ushirikiano wa kweli: ujuzi umebaki hapa, hauondoki na ndege. Nami niliuona zaidi siku nilipokosa tarehe. Nauli iliisha, mpunga haujavunwa, uvimbe hauonekani tena, nikajisemea amepona. Simu ikaita: "Mama Ambo, mko wapi?" Wakanisikiliza shida yangu, wakanieleza kwamba ukiacha tiba katikati ugonjwa unarudi. Nikauza kuku, tukapanda gari. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri zinaponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani, na nchi maskini chini ya asilimia 30. Mwaka 2018 waliweka lengo la angalau asilimia 60 duniani ifikapo 2030. Wazazi kuacha tiba katikati ni sababu moja kubwa ya watoto kutopona huku kwetu. Mimi nilikuwa naelekea huko, na simu moja ikanirudisha.

Ugumu upo nje ya kliniki. Gesti moja mjini walitutoa usiku walipomwona mtoto hana nywele, eti atawaambukiza wateja. Saratani haiambukizi. Uliza mapema kwa ndugu au kanisani kwenu pa kulala. Sisi wa Kyela tubebe kofia ya sufu na blanketi, Juni Mbeya inauma. Beba pia daftari na kalamu, na uache namba mbili za simu, yako na ya jirani mwenye chaji.

Amemaliza dozi zote. Sasa ni kupimwa tu, na jino jipya limeota pale walipong'oa.