Siku Tano za Mafunzo ya Uongozi wa Kiroho kwa Wakuu wa Shule za Sekondari: Tathmini ya Mshiriki

Nimekuwa mkuu wa shule ya sekondari kwa miaka tisa, na kabla ya hapo nilikuwa makamu kwa miaka minne. Katika muda huo wote nimehudhuria semina nyingi za utawala, usimamizi wa fedha, ukaguzi na upangaji wa ratiba, lakini hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza ni kitu gani kinachowafanya walimu wangu waendelee kufundisha kwa moyo, au ni kitu gani kimewafanya baadhi yao waache kufanya hivyo ingawa bado wanaingia darasani. Kwa hiyo nilipoalikwa kwenye mafunzo ya siku tano ya uongozi wa kiroho nilijiandikisha bila kusita. Tathmini hii ni kwa wakuu wenzangu wanaofikiria kushiriki mafunzo ya aina hii. Waendeshaji sitawataja, kwa kuwa kasoro nilizoziona nimekwisha kuwaandikia wao wenyewe. Kwa maoni yangu mafunzo haya yanafaa, na siku ya pili peke yake ilitosha kunirudishia muda nilioutoa. Hata hivyo, anayekwenda na awe macho juu ya neno moja litakalorudiwa sana, nalo ni wito.

Msingi wa mafunzo ni nadharia aliyoiweka wazi Louis Fry, msomi wa Marekani wa masuala ya uongozi, mwaka 2003. Kwa maelezo yake, kiongozi wa kiroho huwahamasisha watu kutoka ndani yao kwa njia tatu, yaani dira, tumaini lenye imani, na upendo usiojitafutia faida. Njia hizo zikitumika kwa kweli, walio chini yake huanza kuhisi mambo mawili: kwamba kazi yao ina maana, na kwamba wao ni sehemu ya jamii inayowathamini. Baadaye Fry aliongeza maisha ya ndani ya kiongozi mwenyewe, yaani ule utulivu na tafakuri vinavyomwezesha kuwapa wengine kitu ambacho yeye anacho. Wawezeshaji waliyaeleza haya kwa ufasaha. Jambo ambalo hawakulisema, na ambalo nadhani mshiriki ana haki ya kulijua, ni kwamba nadharia hii haikuzaliwa shuleni. Mojawapo ya majaribio yake ya mwanzo, lililochapishwa mwaka 2005, lilifanywa miongoni mwa wanajeshi wa kikosi cha helikopta cha jeshi la Marekani huko Texas. Sisemi kwamba hilo linaifanya isitufae, ila linatudai kazi ya kuipima upya katika mazingira ambamo anayeongozwa si mtu mzima peke yake, bali pia mtoto wa miaka kumi na minne ambaye hakuchagua kuwa pale.

Siku ya pili ndiyo iliyokuwa kiini cha yote. Tuligawanywa katika vikundi vya watu watatu. Mmoja alisimulia habari ya mwalimu ambaye yeye mwenyewe, akiwa mkuu, alishindwa kumsaidia, wa pili alisikiliza kwa dakika kumi bila kutoa ushauri wowote, na wa tatu alihesabu ni mara ngapi msikilizaji alikatiza maneno. Mimi nilikatiza mara nne. Kila mara nilidhani ninasaidia. Nilipoonyeshwa hesabu hiyo niliwakumbuka walimu wote waliowahi kuingia ofisini kwangu na kutoka wakiwa wamebeba maagizo mapya juu ya mzigo waliokuja nao, na nikaelewa kwa nini baadhi yao hawakurudi tena.

Baada ya zoezi hilo tulipewa mfano wa mwalimu wa kemia mwenye uzoefu wa miaka mingi, ambaye siku hizi huchelewa, hukaa peke yake katika chumba cha walimu na hasahihishi madaftari. Karibu sote tulianza na barua ya kumtaka ajieleze. Mwezeshaji hakutupinga. Alituuliza tu kila mmoja ataje mambo matatu anayoyajua kuhusu mwalimu wa namna hiyo katika shule yake, mambo ambayo hayamo katika jalada lake la utumishi. Ukumbi ulikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha tulijadili jinsi mazungumzo ya kwanza yanavyoweza kufanyika, nani ayaanze, wapi yafanyike ili mwalimu asihisi ameitwa kuhojiwa, na ni wakati gani upole unapaswa kutoa nafasi kwa utaratibu wa nidhamu. Hoja hiyo ya mwisho ni muhimu sana, kwani wapo wanaodhani uongozi wa kiroho ni kuvumilia kila kitu, hali wanafunzi wa mwalimu huyo wanaukaribia mtihani bila kuwa tayari. Wawezeshaji walisimama imara hapo: kumpenda mwalimu hakumwondolei mwanafunzi haki yake ya kufundishwa.

Siku ya tatu ilihusu tumaini, nayo ilikwenda vizuri. Tulitakiwa kuchukua dira iliyobandikwa ukutani katika shule zetu na kueleza ni uamuzi gani wa mwezi uliopita ulioongozwa nayo. Wengi hatukuwa na jibu.

Nisichokubaliana nacho kilianza siku ya nne. Mada ilikuwa wito, na ujumbe uliorudiwa ni kwamba mkuu wa shule awakumbushe walimu wake kuwa ualimu ni wito, hivyo wasihesabu saa wala malipo. Kauli hii tunaifahamu sote. Tumeisikia tangu tukiwa chuoni, na mara nyingi husemwa pale ambapo mwalimu amedai jambo la haki, kama vile kupunguziwa vipindi alivyolundikiwa au kulipwa stahili iliyocheleweshwa. Mwito huitikiwa na yule aliyeitwa, wala hakuna mtu mwingine awezaye kuitikia kwa niaba yake, sembuse bosi wake. Zaidi ya hayo, mada hiyo iliigeuza nadharia yenyewe juu chini. Kwa Fry, hisia ya wito, yaani ile ya kuona kwamba kazi ina maana, ni tunda linaloota ndani ya watu wanapoona dira ya kweli, tumaini na upendo wa kiongozi wao. Haimo katika masharti ambayo kiongozi huwadai watu kabla hajatoa chochote. Mkuu anayeanza na wito amevuna kabla ya kupanda. Upendo wake ungeonekana kwanza katika mambo madogo yanayojulikana na kila mwalimu: nani hupangiwa zamu za mwisho wa juma, nani huteuliwa kusimamia mitihani kila mwaka, na nani hupewa vipindi vya mchana wakati wanafunzi wamechoka. Nilisimama nikalisema hili, na washiriki kadhaa wakaniunga mkono, lakini mada ilikuwa na dakika zake na tukasonga mbele.

Kasoro nyingine ni jinsi dini ilivyoshughulikiwa. Fry huitenganisha dini na hali ya kiroho kwa kufuata maelezo ya Dalai Lama, kiongozi wa kiroho wa Wabudha wa Tibet, ambaye husema kwamba dini hubeba imani, mafundisho na ibada, ilhali hali ya kiroho huhusu sifa za roho ya binadamu kama upendo, huruma, subira, uvumilivu na msamaha. Kitini chetu kililitaja jambo hilo kwa sentensi moja. Lakini kila asubuhi tulifungua kwa sala ya mapokeo ya dini moja tu, na mifano yote ya viongozi wema ilitoka humo humo. Mimi ni mtu wa imani na sala hazinisumbui hata kidogo. Aliyenisumbua ni mshiriki aliyeketi karibu nami, wa imani nyingine, ambaye kwa siku tano aliinamisha kichwa na kunyamaza. Ikiwa mkuu wa shule atarudi na mtindo huo katika chumba cha walimu chenye watu wa imani mbalimbali na wengine wasio na imani yoyote, atakuwa amewatenga baadhi yao katika jambo lilelile alilokusudia liwaunganishe. Kwa lugha yetu kazi hii ingekuwa nyepesi, maana tunaposema mtu ana roho nzuri hatuulizi kwanza anaabudu wapi.

Dodoso la kupima uongozi wa kiroho lilitolewa siku ya mwisho, nasi tukajipima wenyewe. Ilivyotarajiwa, wote tulijipa alama za juu. Maswali ya aina hiyo huelekezwa kwa wafanyakazi kuhusu viongozi wao, likiwamo lile linalouliza kama viongozi hutenda yale wanayoyasema, na mkuu hawezi kulijibu kwa niaba ya walimu wake. Niliporudi nililigawa dodoso bila majina, nikamwomba makamu na mwalimu mmoja aliyechaguliwa na wenzake walikusanye na kulijumlisha. Alama yangu ya chini kuliko zote ilikuwa katika swali hilohilo. Nilipouliza kwenye kikao, mwalimu mmoja alinikumbusha kwa heshima kwamba mwanzoni mwa mwaka niliahidi hakuna atakayefundisha vipindi vya mwenzake aliye mgonjwa bila kupunguziwa vyake, na ahadi hiyo niliisahau ndani ya wiki tatu. Sasa jambo hilo limeandikwa kwenye ratiba na linasimamiwa na mwalimu wa taaluma, si kwa kumbukumbu yangu.

Vitini vilikuwa safi na wawezeshaji walitunza muda. Mafunzo haya yanamfaa zaidi mkuu aliyekwisha kaa kwenye kiti kwa miaka miwili au mitatu, kwa kuwa mgeni kabisa hatakuwa na mwalimu wa kumkumbuka katika lile zoezi la siku ya pili. Aende pamoja na makamu wake ikiwezekana. Waendeshaji waliahidi kutufuatilia shuleni baada ya muhula mmoja. Muhula wa pili sasa unaelekea ukingoni na hatujapata taarifa yoyote. Atakayejiandikisha aulize mapema ufuatiliaji huo umepangwa lini, utafanywa na nani, na kama mtu huyo atazungumza na walimu au na mkuu peke yake.