Windy kwa anayefukuza mvua za radi Nairobi

Naipa Windy nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoizuia nitaeleza sababu yake mbele.

Kazi yangu ni kufunga paneli za sola: Syokimau, Athi River, Kitengela, mpaka Isinya. Siku za kazi mawingu nayakimbia, Jumamosi nayakimbilia. Nina kamera, stendi yake na pikapu kuukuu, na ninachotafuta ni radi juu ya nyanda za Kaputiei au mvua inayoteremka kwenye mabega ya Ngong. Kwa hiyo programu ya hali ya hewa kwangu si pambo la simu. Nikiikosea hesabu juu ya paa la mabati, kijana wangu wa kazi anaumia.

Windy ilianzishwa mwaka 2014 na Ivo Lukačovič wa Ucheki, mwanzilishi wa Seznam, tovuti ya kutafutia ya Wacheki, mtu wa michezo ya upepo na rubani. Unaliona hilo ukiifungua tu, maana inakuonyesha upepo kwanza. Haianzi kukuambia "leo jua" au "leo mvua". Inakuwekea mbele modeli kadhaa, yaani hesabu za kompyuta za kutabiri hali ya hewa: ile ya kituo cha Ulaya ECMWF inayoigawa ramani kwa vipande vya kilomita 9, GFS ya Wamarekani, ICON ya Wajerumani, kisha inakuachia ufikiri. Wengine hiyo inawachosha. Mimi ndiyo sababu naipenda.

Programu nyingi zinazokuja na simu hukupa mchoro mmoja tu, jua la manjano au kiwingu kinachodondosha matone. Mchoro huo umetoka kwenye modeli kama hizi hizi, ila umefungwa kama sufuria yenye kifuniko, hujui ndani mmepikwa nini. Sasa mvua ya radi ya Nairobi mara nyingi ina upana wa kilomita chache tu. Inaweza kulowesha South C yote na Lang'ata isipate tone. Modeli ya kilomita 9 haiwezi kulichora wingu hilo moja, na safu ya Ngong yenyewe ni nyembamba kiasi kwamba kwenye hesabu hizo inasawazishwa ikawa kilima cha kawaida. Mtu anayeishi chini ya hiyo milima anajua kitu ambacho mashine haikioni. Ndiyo maana nasema usiombe modeli ikupe jibu. Iombe viungo, jibu ulitoe wewe.

Viungo vyangu ni hivi. Kwanza unyevu, na ninaupima kwa kiwango cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa ikipoa hadi hapo unyevu wake unageuka umande. Kikiwa juu, hewa imebeba unyevu mwingi. Ukigusa uwanja wa ndege wa JKIA kwenye ramani, Windy inakupa ripoti ya uwanja wenyewe, yenye alama ya HKJK, iliyopimwa kweli. Modeli ikisema umande ni nyuzi 12 na uwanja unasema 15, mimi naamini uwanja, na papo hapo najua modeli imeidharau siku. Kwenye ripoti hiyo hiyo tafuta herufi CB. Maana yake ni kwamba mtu aliyeko pale uwanjani ameona wingu la radi, na hakuna modeli inayoshinda macho ya mtu.

Pili, upepo wa juu, na hapa wengi wanapotezwa. Video nyingi za kufundisha utabiri hutoka Ulaya na Marekani, na kila moja itakuambia uangalie upepo wa hektopaskali 850. Hektopaskali ni kipimo cha shinikizo la hewa, na kadiri unavyopanda juu ndivyo namba inavyopungua. Huo ni urefu wa kama mita 1500 kutoka usawa wa bahari. JKIA yenyewe iko mita 1624! Yaani unaangalia upepo ulio chini ya udongo wa Embakasi. Ramani itakuchorea mishale mizuri, lakini hakuna hewa hapo, ni hesabu imejazia pengo. Kwa Nairobi vuta ile alama ya urefu mpaka hektopaskali 800, kisha 700, karibu mita 3000. Huo wa 700 ndio unaoyasukuma mawingu yetu, na ndio unaokuambia usimame upande gani wa barabara. Nyota niliyoizuia ni kwa ajili ya jambo hili: ningependa sehemu zilizo chini ya ardhi zipakwe kijivu, ili mgeni asidanganyike.

Tatu, nguvu ya hewa kupanda, tabaka linaloitwa CAPE. Kule Oklahoma watu huzungumzia jouli elfu tatu au nne kwa kilo. Ukizisubiri hizo hapa utazeeka. Karibu na ikweta upepo wa juu mara nyingi ni dhaifu, kwa hiyo mawingu yetu hayapati ule mzunguko wa kuishi saa nyingi kama yale ya Marekani. Yanapanda, yanapiga, na ndani ya nusu saa au saa moja yamejimaliza. Huwezi kulifukuza wingu la hivyo kutoka nyuma. Lazima uwe umeshafika kabla halijazaliwa, na hutafika kama hujaamini hesabu yako saa nne asubuhi, jua likiwa linachoma na kila mtu anakuona umechanganyikiwa.

Hapo ndipo inapokuja habari ya watu.

Mama mmoja wa Syokimau nilimwambia saa tano asubuhi, "Mama, saa nane tunashuka kwenye paa, mvua itakuja na radi." Akatazama juu, akaona buluu tupu. "Kijana, sema tu umechoka." Mteja ana haki ya kuuliza, maana pesa ni yake. Nikamwonyesha simu: umande wa JKIA, upepo wa 700 ukitoka Machakos, picha ya setilaiti yenye vichwa vyeupe vikianza kuchipuka juu ya vilima vya Mua. Hakuniamini, lakini tulishuka saa nane kama nilivyosema. Sikubishana naye. Fremu za alumini na waya mkononi si mahali pa kumthibitishia mtu chochote.

Wenye kukukatisha tamaa hasa ni wale mnaopenda kitu kimoja. Kundi letu la wapiga picha lina watu wazuri, lakini kuna wawili watatu ambao kazi yao ni kuandika "hakunyeshi" kila ukitaja mahali. Siku isiponyesha wanakumbusha wiki nzima. Ikinyesha wanasema ulibahatisha. Nimechunguza maneno yao kwa muda mrefu na nimegundua hawatabiri chochote. Hawasemi wapi, hawasemi saa ngapi, hawasemi kwa sababu gani. Mtu asiyeweka lake mezani hawezi kukosea, na ndiyo sababu neno lake haliwezi kuwa na uzito sawa na lako.

Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner inatukanwa kwa namna hiyo hiyo kila msimu, na inaniuma. Wakiandika mvua "maeneo machache", wana maana iliyowekwa: chini ya asilimia 33 ya eneo. "Maeneo kadhaa" ni 33 hadi 66, "maeneo mengi" ni zaidi ya hapo. Sasa mtu wa Donholm amesikia maeneo machache, kwake hakukunyesha, anaandika kwamba wale ni waongo, na wakati huo huo Kikuyu watu wanakinga maji kwenye mapipa. Utabiri ulikuwa sahihi kabisa. Na Oktoba 2023, baada ya idara kuonya juu ya El Niño, ilitangazwa jukwaani kwamba haitakuja tena. Kabla ya mwaka kuisha mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100 nchini. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto lisilo la kawaida, na ramani za joto la bahari zilikuwa wazi kwa yeyote wa kuzitazama. Kusema "haitakuja" ni rahisi sana, na wanaolipa si wale waliosema.

Kwa hiyo mimi naandika. Nina daftari, na kila ninapotaka kutoka naandika kabla ya kuwasha gari: mahali, saa, na nafasi kwa kumi. Nikisema sita kwa kumi, basi katika kumi za namna hiyo nne lazima zikauke. Zikinyesha zote, utabiri wangu ni mbovu, kwa sababu nilipaswa kusema tisa. Ukishaelewa hivyo, siku kavu haikuvunji moyo na mtu wa "si nilikwambia" hana pa kukushika. Windy haina sehemu ya kuandika haya, na sidhani inahitaji. Kalamu inatosha.

Jumamosi moja ya Aprili ndiyo ninayoitumia kuwaeleza watu programu hii inafaa nini. Simu zote zilionyesha jua. Ndani ya Windy, ukibonyeza sehemu ya kulinganisha modeli, GFS ilisema kavu, ICON ikaweka mvua kidogo Machakos, ECMWF ikaweka matone upande wa Kajiado. Kundi likaamua kwenda Karura kupiga picha za ndege. Lakini umande wa JKIA ulikuwa nyuzi tatu juu ya modeli zote, na kwenye ramani ya upepo wa chini kulikuwa na mstari ambapo upepo wa kusini mashariki ulikutana na wa kaskazini mashariki, karibu na Lukenya. Hewa ikikutana hivyo haina pa kwenda ila juu. Niliandika: Konza hadi Isinya, saa tisa hadi saa kumi na moja, saba kwa kumi. Mwenzangu mmoja tu ndiye aliyekubali kuja.

Tuliegesha nje ya Isinya, tukiangalia mashariki. Saa nane wingu la kwanza lilipanda kama cauliflower likafa. La pili likafa. Ripoti ya JKIA ya saa nane na nusu ikaja na CB. La tatu halikufa. Kufikia saa kumi chini yake kulikuwa kweusi tii, pazia la mvua limeshuka wima, na radi zikawa zinapiga mbele ya pazia mahali pakavu, jambo ambalo mpiga picha anaweza kulisubiri msimu mzima. Nilipata picha tatu nzuri. Zote tatu nimezichapisha kwa karatasi kubwa na ziko sebuleni.

Hata hivyo, kuna anayesema hapana na unapaswa kumsikiliza. Mzee mmoja mchungaji, siku nyingine huko huko, alinitazama nikipanga vifaa akasema ile mvua haifiki barabarani. Nikamuuliza kwa nini. Akanyoosha mkono: upepo baridi ulikuwa umetufikia mapema mno, wingu likiwa bado mbali. Alikuwa sahihi na sababu yake iko kwenye vitabu. Hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu ikitangulia mbali sana, inalikatia hewa ya joto inayolilisha. Wingu lilisinyaa mbele yetu. Huyo alinipa mahali, wakati na sababu. Nilimshukuru, na tangu hapo nikiegesha namtafuta mtu wa hapo kwanza.

Kuiamini hesabu yako pia hakukupi ruhusa ya kusogea karibu. Tarehe 31 Mei 2013, El Reno huko Oklahoma, Tim Samaras alikufa pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Alikuwa miongoni mwa watu makini zaidi katika kazi hii, mtafiti. Kimbunga kile kilipanuka mpaka kilomita 4 na zaidi, kikageuza njia na kuongeza kasi ghafla. Utabiri wa asubuhi hauna la kusema juu ya dakika tano zijazo. Kwetu hatari ni radi na mito ya ghafla. Kila sekunde tatu kati ya mwanga na ngurumo ni kilomita moja, na zikishuka hadi thelathini mimi niko ndani ya gari, vioo juu, kamera ikijipiga yenyewe kwenye stendi.

Usiitegemee Windy kwa dakika hizo. Ramani zake za rada ni za nchi zenye mitandao ya rada, kwa Nairobi utatumia setilaiti, ambayo huja imechelewa kidogo. Toleo la bure lina hatua za saa tatu tatu na linatosha kujifunza. La kulipia hukupa saa moja moja, na kwa wingu linaloishi nusu saa tofauti hiyo ni kubwa. Mimi nalipia. Ukiipakua, anza na JKIA: kila asubuhi linganisha umande wa uwanja na wa modeli, uandike saa na mahali, jioni uangalie. Fanya hivyo masika yote kabla hujamwambia mtu yeyote unatabiri.