Unataka kusaga pilipili kavu nyumbani? Mashini za kununua Goma na Bukavu, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho

Bamama, badada, na nyinyi baba wenye munapenda kupika, niseme mbele ya yote: kama pilipili ni ya kula nyumbani, nunua mashini ya mukono, ile ya chuma yenye inafungwa ku meza na unazungusha kipini. Zingine ziko na kazi yake, nitazisema moja moja, lakini ile njo ya kwanza.

Mbele ya kutoa franga, angalia pilipili yenyewe, juu hakuna mashini ya kusaga pilipili yenye haijakauka muzuri, hata ya bei kali itakutolea madonge tu. Kamata moja uikunje: ikivunjika na kulia, na mbegu zinacheza ndani ukiitikisa, iko tayari, ikijikunja bila kuvunjika, rudisha ku jua. Hapa Goma tuko karibu metre 1500 juu ya bahari, ziwa iko pale pale, mvua ya mwezi wa 9 mpaka wa 12 haitupe pumuzi, na pilipili yenye uliianika asubui inaweza kuvuta maji tena mangaribi kama umeisahau inje, njo maana iingize mu nyumba jua ikiwa bado iko. Tandika shitingi safi ama ungo, usianike chini ku mawe, ile muchanga nyeusi ya volkano inaingia mu mikunjo ya pilipili, inakula visu vya mashini na kisha inakwaruza meno ya watu ku meza. Na yenye imeshika kuvu, tupa. Usiseme ukali utaficha: kuna kuvu yenye inaachaka sumu inaitwa aflatoksini, inaharibu maini, na kupika haiiondoe.

Tena jua hesabu yako. Kilo 1 ya kavu inatokaka mu kilo 3 mpaka 5 ya mbichi, kwa hiyo mutu wa kukausha ndoo moja kwa jamaa yake hana haja ya mashini ya kiwanda.

Haya, ile ya mukono. Kwa nini naiweka mbele? Kwanza umeme ikienda, wewe unaendelea. Pili inazunguka polepole, vumbi haipande sana, na mwenye alishasaga pilipili mu nyumba ya chumba mbili anajua hiyo ni kitu gani: watoto wanakohoa, jirani anakohoa, kila mutu anakimbilia inje. Tatu haipashe bunga moto, rangi inabaki nyekundu na harufu inabaki ya pilipili. Utapitisha mara mbili, ya kwanza ukiwa umelegeza sahani, ya pili ukiwa umekaza, na mukono utachoka kidogo, hiyo ni kweli, lakini bunga yenye inatoka pale ukiweka ku samaki ya sambaza ama ku mbuzi ya kuchoma utaona mwenyewe.

Ukifika Birere ama soko ya Virunga, ao Kadutu kwa wale wa Bukavu, usiangalie rangi ya karto. Omba muuzishaji akufungulie. Ondoa parafujo ya mbele, toa zile sahani mbili za meno, zipitishe kidole: meno iwe makali na yenye kulingana, haina fasi yenye imejaa chuma ya kuyeyuka. Zungusha kipini bila kitu ndani, sahani ikigusa upande moja na upande ingine inaacha nafasi, mashini ile haitatoa bunga laini hata ukaze namna gani. Angalia ile rangi ya feza yenye wamepaka ndani, ikianza kubanduka ukikwaruza na kucha, acha, juu itaishia mu chakula. Pima pia mudomo wa kufungia na unene wa meza yako, watu wanasahauka hii na wanabaki kushikilia mashini na magoti. Ukifika nyumbani saga muchele mukavu kwanza, utatoka wa kijivu juu ya mafuta ya kiwanda, utupe, endelea mpaka utoke mweupe. Kisha usiioshe na kuiacha na maji, itashika kutu. Brosi kavu na muchele kidogo inatosha.

Kama bunga inashikana ku sahani, ni mafuta ya mbegu. Toa nusu ya mbegu mbele ya kusaga. Hautapoteza ukali, juu ukali wenyewe, ile kapsaisini, inakaaka zaidi mu ile nyama nyeupe yenye inashika mbegu, haiko mu mbegu.

Ya pili ni kile kisanduku cha inox cha umeme, chenye kifuniko cha kubana, kinageuza visu zaidi ya mara 25000 kwa dakika. Hii ni ya mama mwenye anauzisha bunga mu sashe, kwake naweza hata kuiweka ya kwanza. Inatoa bunga laini sana mu dakika moja. Lakini iko na mambo yake. Wanaandika gramu ku karto, zile gramu ni za vitu vizito, pilipili kavu ni nyepesi, itajaa mbele ya kufika nusu ya ile uzito, kwa hiyo nunua ukubwa mara mbili ya wenye ulifikiri. Isage sekunde 20 ama 30, uiache ipumue, urudilie. Ukiiacha inazunguka tu, mota inaungua na bunga inageuka kahawia. Nyingi ziko na wati 1000 na kupita, onduleri ndogo ya panno ya jua haitaiweza, na umeme ikiwa chini mota inanguruma bila kuzunguka, uizime mara moja. Na angalia fishi! Zile zenye zinapitia Kampala mara mingi ziko na meno tatu ya bapa, na zetu ni mbili ya mviringo, adaptateri ya bei ya bure inayeyuka ku ile nguvu. Wakukatie fishi na kuweka ya kwetu, ya nguvu, palepale ku duka.

Ikimaliza kusaga usifungue. Ngojea dakika 10, vumbi ilale chini. Na fungulia inje, mupepo ikitokea ku mugongo yako.

Kinu naiweka ya tatu, na si kwa kuizarau. Bei yake ni ndogo, haiharibike, na kwa pilipili ya kula leo haina mupinzani. Ila iwe kinu ya pilipili peke yake, juu muti unakunywa ukali na hautoke tena, utatwanga sombe ya mutoto na atalia. Funika na kitambaa chenye umetoboa katikati, muchi upitie pale, kisha uchunge.

Mulen ndogo ya kahawa, ile ya wati 150 ama 200, ni ya nne. Kwa mutu anaishi peke yake inatosha, kijiko chache kwa mara moja, lakini kahawa hautasagia tena mule.

Mikseri ya jus njo ya mwisho. Pilipili kidogo inaruka juu ya visu bila kukatika, plastiki inabaki nyekundu na ukali, bunga inaingia chini ku kawuchu na inakula mota. Kama yako ilikuja na kakopo kadogo ka kusagia vitu vikavu, tumia kale, jagi kubwa iachie maembe na maracuja.

Mashini yoyote utachukua, funga pua na kitambaa, na ukimaliza paka mikono mafuta ya kupikia, sugua, kisha sabuni. Maji peke yake haitoe kapsaisini. Ikiingia mu jicho usisugue, mwangia maji safi mingi.

Na mwenye bado hana franga, kuna mulen ya kartiye, lakini uliza kwanza kama wako na moja ya pilipili peke yake. Kama hawana, rudi na pilipili yako, hata kama mwenye mulen anakubali, juu nyuma yako ku mustari kuna mama mwenye kubeba mahindi na soya ya uji ya mutoto wa miezi 8.