Kitambulisho cha Taifa Kenya: Kadi Safi, Milango Miwili

Mitaani kitambulisho cha taifa bado kinaitwa kipande. Jina hilo ni la hati ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba shingoni ndani ya kikebe cha bati, yenye alama za vidole, kabila na jina la mwajiri. Kadi ya leo haitaji kabila. Fomu ya maombi ndiyo inayouliza, na hapo ndipo huduma inapogawanyika.

Kwa kijana wa Nyeri au Kakamega, kazi ni nyepesi. Akishatimiza miaka 18 anapeleka cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, chifu au naibu wake anathibitisha kwamba anamjua, kisha msajili anachukua picha na alama za vidole vyote 10. Hitilafu mbili hurudisha maombi mengi. Ya kwanza ni majina: cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha shule kinasema Muhammad. Sawazisha kabla ya kupanga foleni. Ya pili ni vidole vilivyosuguliwa na jembe au saruji, mistari haisomeki. Nawa kwa sabuni, kausha vizuri, na usiondoke kabla msajili hajakagua alama. Karatasi ya kusubiria, unayopewa hadi kadi itoke, ipigie nakala siku hiyohiyo.

Kwa Mnubi wa Kibera au Msomali wa Garissa, kwa miaka mingi kulikuwa na mlango wa ziada: kamati ya uhakiki. Wazee na maafisa waliuliza ukoo, wakataka hati za babu, na kikao kilipoahirishwa mwombaji alirudi nyumbani mikono mitupu. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuufuta uhakiki huo, na hatua yake ikapingwa mahakamani. Kuufuta ni haki kabisa. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inauliza kama mama au baba ni raia, basi. Haiulizi ukoo.

Wamakonde walikwama kwa namna nyingine. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya pwani, na kabila lao halikuwa kwenye orodha ya serikali. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44 mwaka 2017, na Wapemba wakafuata 2023. Kila kundi lilistahili. Lakini dawa hii inaongeza mstari kwenye orodha badala ya kuiondoa orodha, kwa hiyo kundi dogo lijalo litaanza kuhangaika upya.

Igeuze kadi ya kizazi cha pili, toleo lililotangulia la sasa, uone nyuma: wilaya, tarafa, lokesheni, kata ndogo. Anayeijua nchi husoma majina hayo manne akakisia kabila la mwenye kadi bila kumuuliza.

Tatizo gumu zaidi ni la Wakenya wa kaskazini walioandikishwa utotoni kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab ili wapate chakula wakati wa ukame. Mashine inalinganisha vidole, inavikuta kwenye daftari la wakimbizi, ombi linakataliwa. Kuomba upya hakusaidii, kwa kuwa vidole ni vilevile. Lazima jina lifutwe kwanza kwa idara ya wakimbizi, kwa ushahidi wa vitambulisho vya wazazi, ndipo msajili aendelee.