Roketi ya kununua ukiwa Kisumu, Nakuru au Kakamega: ya kwanza hadi ya kuacha

Mzazi au mwalimu anayetafuta roketi ya kurusha na watoto huvutwa na picha ya boksi: mwili mwekundu, mapezi meusi, moshi mweupe nyuma. Uliza kwanza jambo jingine. Ikisharuka mara moja, itarukaje mara ya pili? Mwili wa roketi hudumu, lakini kinachoisukuma huisha kila safari. Kikiwa maji na hewa, unavyo tayari. Kikiwa injini ya baruti, lazima kitoke ng'ambo, na hapo ndipo mambo hukwama. Kwa hiyo sikuzipanga kwa kuangalia ipi inapaa juu zaidi. Nimeangalia ipi itakuwa bado inaruka muhula ujao, kwa mtu anayeishi upande huu wa nchi.

Namba moja: seti ya maji yenye lachi

Roketi ya maji ni chupa ya soda iliyopinduliwa mdomo chini, theluthi moja ikiwa maji, sehemu iliyobaki hewa inayoshindiliwa kwa pampu ya baiskeli. Ukiiachilia, hewa huyafukuza maji kwa kasi kupitia mdomo na chupa hupaa. Hakuna moto wala kibali cha kutafuta, na mtoto wa darasa la tano anaweza kubadilisha kiasi cha maji, arushe tena, aone mwenyewe tofauti.

Madukani zipo za aina mbili. Ya bei ya chini ina kizibo cha mpira chenye valvu katikati: unapiga pampu mpaka kizibo kishindwe, chupa ichomoke yenyewe. Wakati hauchagui wewe, wala presha. Mara itoke ukiwa bado umeinamia pampu, mara ikatae kabisa. Ya pili ina lachi inayokaba shingo ya chupa, na kamba ya kuvutia. Unajaza hadi presha unayotaka, unarudi nyuma hatua kadhaa, watoto wanahesabu, unavuta. Ongeza pesa uchukue hii.

Kabla ya kulipa, jaribu lachi kwa chupa tupu ya soda uliyobeba kutoka nyumbani. Ukiichunguza shingo, chini ya nyuzi za kifuniko utaona pete nene ya plastiki. Lachi hukamata pete hiyo. Chupa za siku hizi zimefupishwa shingo ili kupunguza plastiki, na lachi iliyoundwa kwa shingo ndefu ya zamani inaweza kukaa vibaya, oringi (pete ya mpira ya kuziba) isibane. Dalili yake ni maji kutiririka kando ya mdomo huku geji ya pampu ikigoma kupita psi 20 (psi ni kipimo cha presha). Ukiagiza mtandaoni, muombe muuzaji picha ya lachi ikiwa imekamata chupa. Akishindwa kuipiga, tafuta mwingine.

Chupa yenyewe iwe ya soda, ya lita moja na robo au lita mbili. Za maji ya kunywa ni nyembamba, hazikuundwa kubeba gesi. Usipite psi 60, na iliyokunjika au kukwaruzika itupe. Pampu iwe ya kusimama, yenye geji. Zile fupi za kubeba kwenye baiskeli zitakuchosha mikono kabla hujafika 40.

Mapezi ya plastiki ngumu yanayokuja na seti ni mazuri mpaka siku roketi itakapoangukia murram. Baada ya hapo kata mengine kwenye kava gumu la faili. Kujua kama yanatosha, funga uzi mahali roketi tupu inapolala sawasawa bila kuinama, kisha izungushe kwa nguvu ukiishika uzi. Ikienda pua mbele, itaruka wima. Ikienda mkia mbele au kubingirika, bandika udongo wa kuchezea ndani ya pua ujaribu tena.

Fundi wa mabomba anaweza kukuundia kirushio kwa bei ya chini, iwe soko la Kibuye mjini Kisumu au karibu na kwako. Mwambie atumie paipu ya GI, yaani ya chuma kilichopakwa zinki. PVC, ile ya plastiki, haikutengenezwa kubeba hewa iliyoshindiliwa. Ikipasuka hurusha vipande vyenye makali. Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi vile virushio vinavyouzwa vikiwa na tangi la PVC la kujazwa kwa kompresa, hata kama video zake ni tamu.

Namba mbili: ya karatasi ya kukanyaga

Chupa tupu inaunganishwa na paipu nyembamba, roketi ya karatasi inavishwa kwenye paipu, mtoto anaruka na kutua juu ya chupa. Hapa PVC haina neno, kwa kuwa presha ni ndogo na hudumu kitambo tu. Ikiwa unanunulia darasa la watoto hamsini, hii ndiyo ya kwanza na ile ya maji inafuata: kila mtoto anakunja roketi yake kwa karatasi ya A4 na gundi, na hakuna anayesubiri pampu. Usinunue seti yenye roketi za sponji pekee, maana zikiisha umeishiwa. Tafuta ambayo paipu yake ni ya nusu inchi, ili utakapovunja kitu ubadilishe kwa kinachouzwa hadwea.

Namba tatu: ya kadibodi na injini ya baruti

Hii ndiyo roketi hasa ya mchezo huu, na kama tungekuwa Colorado, nyumbani kwa kampuni ya Estes iliyoanzishwa 1958, ningeiweka juu kabisa. Kuijenga peke yake ni starehe. Mapezi ya balsa yanapigwa msasa mpaka ukingo uwe wa mviringo, na nyuzi za mbao lazima zifuate ukingo wa mbele wa pezi, la sivyo litavunjika siku ya kwanza. Unapaka gundi nyeupe mstari mwembamba, unashikilia pezi, unaacha likauke, unarudi kujaza kona kwa gundi nyingine. Ndani kuna kamba ya mpira inayoshika pua, parachuti, na karatasi isiyoshika moto ya kuikinga parachuti isiyeyuke.

Injini huandikwa kama B6-4. Herufi ni jumla ya msukumo: A hufika newtoni-sekunde 2.5, B 5, C 10. Namba ya kwanza ni wastani wa nguvu kwa newtoni. Ya mwisho ni sekunde kati ya mwisho wa msukumo na ile baruti ndogo inayofyatua parachuti. Kanuni za usalama za NAR, chama cha Marekani cha mchezo huu, hutaka uwanja ambao upande wake mfupi ni mita 30 kwa A, 60 kwa B na 120 kwa C. Uwanja wa mpira wa shule una upana wa mita sitini na kitu, kwa hiyo injini ya C iliyo kwenye picha ya boksi si yako. Ndiyo maana kati ya Alpha III na Big Bertha, mbili maarufu za Estes, ningechukua Big Bertha: ni nene, ina urefu wa sentimita 61 hivi, hupanda polepole na haipotei machoni.

Mbona basi ni ya tatu? Machoni pa sheria injini hizo ni vilipuzi. Huwezi kuzipakia kwenye begi ukirudi kwa ndege, posta haizipokei kama kifurushi cha kawaida, na kuziingiza Kenya kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Roketi yenyewe bila injini huingia kama kadibodi nyingine yoyote, na wengi hunaswa hapo: hata seti ya kuanzia, yenye stendi na swichi ya kuwashia, mara nyingi huja bila injini. Muuzaji akikuambia "hizo zitafuata", rudisha pesa mfukoni. Inunue tu kama shule au klabu tayari ina kibali na mtu mzima anayejua kanuni, au kama unataka ya kupamba rafu. Na jirani wa mashamba ya miwa ya Muhoroni, Chemelil au Mumias asiiguse wakati wa kiangazi.

Namba nne: ya kidonge na kikopo

Kidonge kinachotoa povu, maji kidogo, kikopo chenye kifuniko, kisha kinafyatuka. Inawafaa watoto wadogo nyuma ya nyumba. Usiilipie seti, vyote hivyo unavipata dukani kwa rejareja.

Ya kuacha kabisa

Injini zilizopikwa nyumbani na kuuzwa kwenye makundi ya simu, pamoja na fataki zilizobandikwa mapezi. Sina la kuongeza.

Pa kurushia

Kisumu, rusha asubuhi. Jua likishapanda, upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu na parachuti itaishia juu ya mabati ya jirani. Alasiri huja mawingu ya radi. Karibu na uwanja wa ndege usirushe kitu chochote. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na parachuti hushuka kwa kasi iliyozidi ya pwani kwa takriban asilimia kumi, kwa hiyo chagua kubwa kidogo. Ukingo wa Menengai unapendeza kwa picha, ila roketi ikipeperushwa ndani ya kreta, iage.

Ukinunua ya maji, chukua oringi za akiba siku hiyohiyo, maana ndizo huchakaa kwanza. Seti isipokuja nazo, fundi wa pampu za maji huwa nazo za kila saizi. Mpelekee ya zamani akulinganishie.