Kasha la majivu kutoka Lamu: fundi, bei na maoni yangu

Nianze na jibu kabisa manake najua wengine hamfikagi mwisho: ndio, Lamu kuna fundi anayeweza kukuchongea kasha la kuwekea majivu ya marehemu, kazi yake safi, bei inaeleweka, na ukiwa na haraka usiende. Anayetaka maelezo akae vizuri, ni marefu.

Jina la fundi siweki. Mwenyewe kaniomba nisiweke, si kwamba anaionea haya kazi yake, ila yeye ni Muislamu wa Lamu, mji ambao maiti anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa na kuzikwa siku hiyo hiyo ikiwezekana, mambo ya kuchoma mwili kwao hayapo kabisa na hataki kila akikaa barazani aanze kuhojiwa. Namuelewa. Nawaelekeza tu: ukishuka jetini ingia ndani mpaka Usita wa Mui, ile njia kuu, ipite ngome uelekee kaskazini, utaanza kusikia patasi na kuona maganda ya mbao mlangoni. Mafundi wako kadhaa. Wangu ni mzee, ana miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na hana kibao nje.

Marehemu alikuwa rafiki yetu, tumefanya naye kazi Malindi miaka mingi. Kwao Nyeri lakini Nyeri alikuwa anaenda Krismasi tu. Aliugua muda mrefu kwa hivyo alipata nafasi ya kusema anachotaka, na alisema mbele ya dadake na sisi tukiwepo: nichomeni, na msinikatie mti. Hilo la mti alilitoa kwa Wangari Maathai, yule mtetezi wa miti na misitu, alikuwa anampenda huyo mama kupita kiasi. Mnaokumbuka 2011 mnajua, Profesa aliacha neno kwamba hataki kuzikwa kwenye jeneza la mbao, likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugu maji, na mwili ukachomwa Kariokor pale Nairobi. Basi na wetu tukampeleka Kariokor. Wazee wa kwao walinung'unika, mjomba mmoja hakuja kabisa, hayo tuyaache.

Sasa kitu ambacho hakuna anayekuambia kabla ni kwamba yale si majivu ya jikoni. Nilikuwa nadhani utapewa kitu chepesi cha kupeperuka, kumbe ni mifupa iliyobaki baada ya moto halafu ikasagwa, mazito, yana chenga, ukiyashika juu ya mfuko ni kama mchanga wa pwani wenye vipande vya kombe. Mtu mzima anatoa kama kilo mbili mpaka tatu. Unapewa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kopo la plastiki, na hapo kazi yao imeisha. Lile kopo likakaa kwenye kabati ya dadake hapa Malindi, siku moja akanipigia simu akaniambia mimi siwezi, kila nikifungua natafuta leso nakutana na kopo, tumtafutie mahali pa heshima.

Duka la kwanza tulilojaribu lilikuwa hapa hapa Malindi, la fanicha, nalo silitaji. Yule kijana wa dukani alikuwa na adabu lakini alichotuletea ni sanduku la vipodozi, wallahi, plaiwudi nyembamba iliyopakwa rangi ya mninga, ndani kitambaa chekundu na kioo kwenye kifuniko, akasema jina tutalibandika kwa herufi za dhahabu. Za plastiki. Elfu sita na mia tano. Dadake alikitazama kile kioo akaniangalia mimi, tukatoka. Za mtandaoni nazo tuliziangalia, nyingi ni za chuma au shaba nyeupe na zinapendeza kwa picha, ila kama kuna siku utasafiri na majivu kwa ndege ujue chombo lazima kipite kwenye mashine ya eksirei pale uwanjani na cha chuma hakionyeshi kilicho ndani, wanaweza kukukatalia na wakaguzi hawapendi kufungua. Mbao inapita. Hata kile cheti cha kuchomwa mwili tembea nacho, usikiweke kwenye mzigo wa chini.

Ndio tukaamua Lamu. Mimi nilikuwa na wazo la mlango, nilitaka nakshi kama za milango ya kule kwa sababu marehemu alikuwa akienda Lamu anapiga picha milango mpaka watu wanamfungulia wakidhani anabisha hodi.

Tumefika, shikamoo, marahaba, tumekaa kwenye mkeka, nikasema mzee nataka kasha. La kutilia nini? Nikamwambia ukweli. Aliweka patasi chini. Nilijua hapo tunafukuzwa. Akanyamaza kidogo akasema poleni sana wanangu, Mungu awape subira, halafu swali lake la pili ndilo lililonifanya niandike haya yote: "Mtalifungua tena, au likifungwa ndiyo basi?"

Hakuna duka lililotuuliza hilo. Na lilikuwa ndilo jambo lenyewe, manake mpango ni nusu ya majivu imwagwe baharini siku tukipata mashua na watu wote wakiwepo, nusu ibaki kwa dadake. Kwa hivyo linatakiwa lifunguke, lakini lisifunguke ovyo, nyumba ina watoto wadogo wanaofungua kila kitu. Mzee akaendelea: litakaa wapi, juani au ndani, kuna unyevu, nani atalibeba, mwanamke au mwanamume, litasafiri. Amekaa anauliza tu. Mwishowe kifuniko cha juu ni cha uongo, yaani kimechongwa kama mlango wa Lamu wa mabawa mawili na nguzo yake ya katikati, unakivuta hakiji. Mlango wa kweli uko chini. Unalipindua kasha, unakuta ubao wa kitako umekazwa kwa skurubu nne za shaba zilizozama ndani. Mtoto hawezi, sisi tukiwa na bisibisi ni dakika mbili.

Vipimo sasa, andikeni mahali. Kanuni wanayotumia wenye kazi hizi ni inchi moja ya ujazo kwa kila ratili ya uzito wa mtu alipokuwa hai, na kasha la kawaida la mtu mzima huwa inchi 200 za ujazo, ambazo ni kama lita tatu na robo. Nilimtajia mzee hizo inchi akanitazama tu. Akamtuma mjukuu alete mchele kilo mbili, akautia kwenye mfuko wa nailoni, akaubonyeza bonyeza, akaupima kwa rula kila upande, akaongeza nafasi ya mkono kuingia. Ametoa ndani sentimita 18 kwa 13 kwa 14. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu kwa simu: lita 3.28. Inchi zangu mia mbili zile zile.

Mbao. Tulimwambia sharti la marehemu, asikatwe mti. Akacheka akasema hilo Lamu si shida, mti umekatwa zamani, babu yangu hajazaliwa. Akatupeleka uani kuna mbao za jahazi lililovunjwa, maana kule jahazi likifa hata haliozi, linakuwa viti, linakuwa fremu za picha za watalii. Mbambakofi nzito hiyo, nyekundu ya kiza, ina matundu ya misumari na kila tundu limezungukwa na doa jeusi la kutu. Mimi nilipenda yote, nikasema tumia hii kasha zima. Akakataa, akanipa kipande ninuse. Sifa! Wale ambao hamjakaa karibu na vyombo, sifa ni mafuta ya papa wanayopaka mbao za jahazi, na yakishaingia miaka arobaini hayatoki kwa sabuni wala kwa dua. Akasema ukilijenga lote kwa hii, nyumba ya dada itanuka kama Matondoni, kile kijiji cha kuunda majahazi. Kwa hivyo kuta alizitoa kwenye boriti ya ndani ya nyumba moja ya zamani iliyobomolewa, msaji mkavu usio na harufu, na ubao wa jahazi akautumia kifuniko tu baada ya kuuranda sana. Matundu matatu ya misumari ameyaacha kusudi. Hayapiti mpaka ndani, nimeingiza njiti ya kiberiti kuhakikisha.

Kwa maandishi hatukutaka jina rasmi. Tulimwita Nahodha, kwa kejeli, alikuwa anashinda anatusimulia mashindano ya mashua ya Lamu na upepo wa kaskazi na wa kusi na yeye mwenyewe akipanda boti ya kwenda Manda kuchukua ndege anatapika. Mzee kusikia tunataka NAHODHA akauliza mwanamke huyu alikuwa na chombo? Dadake akajibu, hata mtumbwi. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Nilikuwa nimemletea herufi nimeziprinti kwenye kompyuta, fonti ya kistaarabu yenye mikia, akasema hizo mikia nyembamba mbao ngumu itavunjika, akachora zake kwa penseli, nene, zimesimama, na pembeni waridi mbili na mnyororo kuzunguka ukingo. Kuhusu nakshi huyu mzee ana maneno mengi, atakuambia habari za Muhamadi Kijuma, yule mshairi wa Lamu aliyekuwa pia mchonga milango na mwandishi wa hati, amefariki 1945 lakini kwa jinsi mzee anavyomsema ungedhani ametoka hapo kununua kahawa. Msikilize, usimkatize, kazi inaendelea huku anasema.

Mimi ni Mgiriama na kwa kweli njia nzima nilikuwa nawaza vigango. Kwetu mzee wa Gohu, kile chama cha wazee wenye heshima, akifa anachongewa ubao, kichwa cha duara na nakshi za pembe tatu kifuani, unasimamishwa na haung'olewi mpaka uoze wenyewe. Wezi waliving'oa wakaviuza, vikaenda kutundikwa ukutani Marekani, hata makumbusho ya Denver yamerudisha 30. Kwa hivyo wanaosema kumchongea marehemu mti ni uzungu, hebu waje Malindi niwaonyeshe.

Ndani amepaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, tabaka mbili, na pale kitako kinapokutana na kuta ametia uzi wa pamba kama kalafati ya mashua. Nilimwagia maji kidogo nje kwenye kiungo, ndani pakavu. Alitaka pia kupiga misumari ya shaba kifuniko kizima kama makasha ya zamani, nikamwambia mzee eksirei, akapunguza, imebaki pembeni tu.

Haya, lawama. Siku. Alisema Alhamisi inshallah, na mnajua inshallah ya fundi. Alhamisi ikapita, nyingine ikapita, simu hapokei mchana, ukimpata usiku anasema limebaki kidogo. Ukipanga shughuli ya watu usiitangaze tarehe kabla kasha halijawa mkononi, sisi tulibadilisha na jamaa mmoja wa Nairobi alishalipia ndege. Pili, vanishi. Sijui ni mjukuu aliipaka au nani, nje walipaka nzito na hawakuiacha ikauke, tulipolifunga na gazeti kwa safari ya basi kutoka Mokowe likafika Malindi na habari za michezo zimeganda ubavuni. Nimezisugua kwa msasa laini, bado ukilitazama kwa mwanga wa dirishani unaona nusu ya neno. Nilimpigia akasema leta nirudie bure, lakini bure yenyewe ni nauli kwenda na kurudi. Ukiagiza mwambie asipake vanishi, apake mafuta tu, mbao hizi hazihitaji kung'arishwa hivyo. Na mnyororo kwenye kona moja haukukutana sawa, pete ya mwisho imebanwa, dadake hajaiona na nyinyi msimwambie.

Bei: 14,000, nusu mwanzo nusu mwisho, M-Pesa anapokea lakini risiti hana, anakuandikia kwenye daftari na unapiga picha. Kwa mbao hizo na kuchonga kwa mkono naona ni haki, mwanzo alisema 18 na dadake akashusha. Mkristo, Mhindu, asiye na dini, hakuuliza hata mara moja. Kitu kimoja alikataa ni kuandika aya yoyote ya dini juu yake, na hatukuwa tumemwomba, alituwekea wazi tu mapema, nami nashauri mkubaliane naye hivyo hivyo.

Nenda asubuhi au baada ya alasiri, Ijumaa usijisumbue, na mwezi wa Ramadhani kazi inakwenda pole pole zaidi ya ilivyo. Majivu usiyabebe ukienda kuagiza, nenda na uzito wa marehemu na picha yake, picha aliiomba akaiegemeza dirishani wakati wote wa kuchonga. Mchele atakurudishia.