Kebo za Kuunganisha Majengo: Ninayoichagua na Ninazozikwepa

Malalamiko ninayoletewa baada ya mvua za radi hayatofautiani: radi imepiga mbali, lakini swichi za mtandao wa kompyuta za majengo yote mawili zimekufa. Nikiuliza mlivuta kebo gani, ni Cat6, kebo ya mtandao ya shaba.

Habari za kasi muuzaji atakuimbia mwenyewe. Umbali nao ni mfupi: shaba mwisho mita 100. Asichokwambia ni kwamba kila jengo hutuliza umeme wake ardhini kivyake, na radi ikishuka jirani, tofauti ya volti kati ya majengo hupanda ghafla na kutafuta pa kupita. Ukivuta shaba umeutengenezea njia hadi kwenye swichi. Faiba ni kioo, data hupita kama mwanga, haipitishi umeme.

Kwa hiyo namba moja ni faiba ya modi moja (mwanga hupita njia moja tu), daraja la OS2, ya kutumika nje, isiyo na chuma chochote ndani. Hapo kwenye chuma ndipo wengi hupigwa. Utapewa yenye ganda la chuma na kusifiwa kwamba panya hawaiwezi. Ni kweli, ila chuma umekirudisha palepale, na ganda hilo lazima litulizwe ardhini linapoingia jengoni. Nani hulituliza? Chukua isiyo na chuma, ipitishe kwenye bomba, umemaliza. Mimi ni shabiki wa kampuni ya Corning, sifichi. Hao ndio waliotoa faiba ya kwanza yenye upotevu mdogo wa mwanga, mwaka 1970, na faiba yao ya modi moja, SMF-28, naichagua bila kufikiri mara mbili.

Namba mbili, OM3, faiba ya modi nyingi. Gigabiti 10 kwa sekunde inazifikisha mita 300. Inunue kama moduli zake, vile vipande vya kuchomeka kwenye swichi vinavyogeuza umeme kuwa mwanga, unazo tayari.

Cat6 ya nje, ganda jeusi, iwe ya mwisho, na kinga ya radi ncha zote mbili. Zile za bei ya kutupa kwangua waya kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Irudishe.

Kinachonikera ni hesabu za madukani. Faiba inatajiwa bei pamoja na moduli na kazi ya kuunga nyuzi. Shaba inatajiwa waya mtupu, kinga ya radi haimo. Halafu wanakata kwa kukadiria, ilhali ganda limechapwa namba za mita. Soma namba ya ncha hii na ya ile kabla hujalipa. Akinuna, anune.